Kumtembelea mwanao Oman: mambo ya kujua kabla ya safari na ukishafika

Kila tunapozungumza hewani kuhusu watoto wanaofanya kazi nje ya nchi, simu zinazoingia huwa za aina mbili. Wapo wanaouliza mtoto atatumaje fedha kwa njia ya uhakika, na wapo wanaouliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Mwanangu ananiita nikamwone. Niende?" Swali hili la pili limeongezeka, hasa kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Same na Mwanga wenye watoto Muscat, mji mkuu wa Oman. Dakika za kipindi hazitoshi kulijibu, ndiyo maana tumeandika makala hii muisome taratibu kwenye simu zenu.

Tumesaidiwa na mama mmoja msikilizaji wetu kutoka milima ya Upare, mkulima wa tangawizi, ambaye binti yake ni muuguzi Muscat. Alikaa huko wiki nne, kuanzia katikati ya Januari. Hakutaka jina lake liandikwe, kwa sababu anasema majirani wameshaanza kumwita Mwarabu. Kwa hiyo sisi tutamwita Mama tu.

Kwanza uliza utalala wapi

Hili tunalisema mwanzo kabisa kwa sababu ndilo linaloumiza watu. Watoto wetu walioko Oman hawaishi maisha ya aina moja. Muuguzi, mwalimu au fundi mwenye chumba alichopanga mwenyewe anaweza kumpokea mzazi. Binti anayefanya kazi za ndani analala katika nyumba ya mwajiri, na ruhusa ya kutoka anaiomba kwa mwajiri. Kijana wa kwenye ujenzi mara nyingi anakaa kambini na wenzake, chumba kimoja vitanda kadhaa. Hao hata wakitamani vipi kukuona, hawana pa kukulaza.

Na mtoto hatakwambia. Atasema "subiri kidogo Mama, nitakuita mwakani," na wewe utadhani amekusahau au amekuwa na kiburi. Tumepokea simu za wazazi walionuniana na watoto wao kwa jambo hili. Muulize moja kwa moja, bila hasira: nikija nitalala wapi, na siku ukiwa kazini nitakuwa na nani? Akinyamaza, umepata jibu. Kwa mtoto wa namna hiyo ni afadhali yeye aje likizo kuliko wewe kuuza kiwanja kwa ajili ya tiketi.

Mama anasema binti yake alimjibu vizuri: "Chumba kipo, kitanda tutagawana, ila nafanya kazi zamu." Neno zamu hakulielewa mpaka alipofika.

Karatasi

Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000 na inatumika miaka 10. Maombi yanaanzia mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unakwenda ofisini kwao kwa ajili ya alama za vidole na picha. Andaa kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa au kiapo chake, pamoja na cheti au kiapo cha mzazi wako mmoja. Ndiyo, hata ukiwa na miaka 62 utaulizwa habari za mama yako aliyezaliwa kabla ya vyeti kufika kijijini. Usikasirike, kiapo kinakubalika. Barua ya mwaliko kutoka kwa mtoto nayo inasaidia kuonyesha sababu ya safari.

Kama pasipoti unayo tayari, hakikisha imebakiza walau miezi sita. Viza ya Oman huombwa kwa mtandao kwenye mfumo wa Polisi ya Kifalme ya Oman, na mtoto wako anaweza kuishughulikia akiwa huko huko. Huhitaji dalali. Viza ya kutembea ni ya kutembea: haikupi ruhusa ya kufanya kazi, hata ya kulea mtoto wa jirani kwa malipo. Atakayekushauri "ukishafika tutakutafutia kazi" mkimbie. Na usizidishe siku ulizopewa, kwa sababu faini huhesabiwa kwa kila siku iliyozidi.

Chanja homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kuondoka na ubebe ile kadi ya njano. Ukishachanjwa mara moja kadi hiyo haiishi muda. Kama unatumia dawa za presha au sukari, chukua za kutosha siku zote, zibaki kwenye paketi zake, na cheti cha daktari kiwe mkononi. Dawa kali za maumivu kama tramadol na zile zenye kodeini zinadhibitiwa sana huko, usizitie begini ukidhani ni panadol.

Tunaongeza mengine mawili. Ukipata homa wiki za mwanzo, mwambie daktari wa kule kwamba unatoka nchi yenye malaria. Oman malaria si ugonjwa wa kila siku, na daktari anaweza asiufikirie haraka kama anavyoufikiria daktari wa zahanati yako. Jingine ni mizigo ya watu. Taarifa zikishaenea kwamba unasafiri, utaletewa vifurushi: "Mpelekee mwanangu tu, ni unga na dagaa." Kataa kila ambacho hukukifunga kwa mkono wako. Mirungi, ambayo baadhi yetu tumekua tukiiona milimani, Oman ni dawa ya kulevya kama ilivyo hapa kwetu kisheria, na wanaofungwa uwanja wa ndege si wale waliotuma kifurushi. Mama alirudisha vifurushi vitatu. Mwenye kimoja hamsalimii hadi leo.

Safari yenyewe ni fupi kuliko basi la kutoka Same kwenda Dar es Salaam. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Muscat inachukua kama saa tano na nusu. Kama miguu inasumbua, mtoto aombe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Hakina malipo, na anayekusukuma anakujulia milango yote. Ukifika, sogeza saa yako mbele kwa saa moja.

Nenda wakati gani

Kuanzia Novemba hadi Machi. Miezi hiyo Muscat hali ya hewa ni nzuri, mchana joto la kawaida na usiku unataka kitenge mabegani. Kuanzia Mei mpaka Septemba joto hupita nyuzi 40, watu hawatembei mchana, na mzazi uliyetoka kwenye baridi ya milimani utakaa ndani na kiyoyozi mpaka mifupa iume. Angalia pia Ramadhani imeangukia lini. Mwezi huo ni marufuku kula au kunywa hadharani mchana, hata kwa asiye Mwislamu. Jioni zake zina chakula kingi na wageni wengi, lakini kama unameza vidonge mchana, panga mapema namna utakavyofanya.

Wiki mbili za ukutani

Hapa Mama alitueleza jambo ambalo hatukulitarajia. Tulimuuliza alikula nini, akaanza kutuambia alivyolia.

"Binti anaondoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi usiku. Akirudi amechoka, anakula analala. Mimi nimekaa nyumba ya ghorofa ya nne. Runinga Kiarabu. Chini magari. Sijui kufungua lifti. Nilihesabu siku kama mfungwa." Siku ya tisa alimwambia binti atafute namna ya kumrudisha nyumbani. Binti naye akalia, kwa sababu nauli alikuwa ameitafuta miezi 14.

Tunaamini wazazi wengi hupitia hili na wakirudi wanasema tu "kuzuri." Hakuna ubaya kusema. Mtoto alipokualika alikuwa anakumbuka nyumbani ambako mtu haachwi peke yake. Hakujua kwamba kwa jinsi anavyoishi sasa, mchana wote nyumba ni tupu. Mkubaliane kabla: siku zake za mapumziko ni zipi? Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, ila wa zamu kama muuguzi hupata siku yoyote. Kama anaweza kuchukua likizo, aichukue wiki ya kwanza, akufundishe lifti, duka, namba ya nyumba na njia ya kurudi. Likizo ya wiki ya mwisho mara nyingi huishia kwenye kufunga mabegi.

Kilichomwokoa Mama ni bibi wa ghorofa ya pili. Walikutana kwenye ngazi, Mama akasalimia kwa kichwa, na bibi yule aliyevaa buibui akamjibu, "Hujambo bibi? Watoka wapi?" Kiswahili cha Unguja kabisa.

Kwa nini bibi wa Muscat anaongea Kiswahili

Wasikilizaji wetu wengi walishangaa tulipolisema hili hewani, kumbe ni historia yetu wenyewe. Sultani Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na familia nyingi za Oman zilikaa upande wetu kwa vizazi, zikaoana na wenyeji, watoto wakakua na Kiswahili. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi, na waliotoka Afrika Mashariki wakarudi na elimu yao, na mapishi yao, na lugha.

Kwa hiyo Muscat utasikia Kiswahili sokoni, kwenye teksi, hospitalini. Salimia tu kwa sauti. Ushauri wetu mmoja: habari za 1964 usizianze wewe. Kila familia ina kumbukumbu yake ya mwaka ule, na kahawa ya kwanza si mahali pake. Wakizianza wao, sikiliza.

Mezani, au tuseme mkekani

Bibi wa ghorofa ya pili alimkaribisha Mama chakula cha mchana siku iliyofuata, na kuanzia hapo safari ikageuka.

Unavua viatu mlangoni, unakaa chini. Chakula kinakuja kwenye sinia moja kubwa, wali chini na nyama au samaki juu, mnakula kwa mkono wa kulia, kila mtu upande wake. Mwenyeji atakusogezea vipande vizuri upande wako, na ukivirudisha unamwonea. Wali wao unapikwa na viungo tunavyovijua, iliki, mdalasini, karafuu, na limau lililokaushwa jua mpaka likawa jeusi kama kaa. Mama alidhani ni kitu kimeungua kikasahauliwa sufuriani. Ukachu wake unafanana kidogo na ukwaju lakini una harufu ya moshi.

Samaki ndio chakula cha pwani ya kule. Nguru mzima anachomwa na kuletwa juu ya wali wa ndimu, wanamwita mashuai. Papa mkavu anapikwa kama wanavyompika Tanga, na mwenye presha ajihadhari na chumvi yake. Kuna pia harisi, ngano iliyopikwa na nyama muda mrefu na kupondwa mpaka ikawa kama uji mzito. Aliyewahi kula bokoboko Zanzibar ameshaila. Mama alisema imekaa kama makande ya mgonjwa, akaongeza haraka kwamba anaisifia.

Kinachosifiwa kuliko vyote ni shuwa. Nyama ya mbuzi au kondoo inapakwa viungo, inafungwa kwenye majani ya mgomba au ya mtende, inatiwa ndani ya mifuko iliyosukwa kwa makuti, kisha inashushwa kwenye shimo lenye makaa na kufukiwa. Inakaa humo siku nzima, wengine siku mbili. Shimo mara nyingi ni la ukoo au mtaa mzima, kila nyumba na alama yake kwenye mfuko. Hupikwa hasa sikukuu za Idi. Nyama ikifukuliwa haihitaji kisu. Mama hakufika wakati wa Idi, aliila kwenye mgahawa, na bibi wa ghorofa ya pili alimwambia hiyo bado hajaila.

Mtaani kuna mishkaki, jina lile lile na moshi ule ule. Kuna mkate mwembamba kama karatasi unaopikwa kwenye bamba la moto, unavunjiwa yai ndani. Kuna chai ya maziwa yenye iliki inayoitwa karaki, tamu kupita kiasi. Na kuna mandazi, yanaitwa mandazi. Mama alinunua karaki yake ya kwanza peke yake siku ya 13. Akaambiwa baisa 200. "Nikasema hapa ni rahisi, mia mbili!" Baadaye binti akampigia hesabu: riali moja ni baisa 1,000, na riali moja ni zaidi ya shilingi 6,000 zetu. Chai ile ilikuwa zaidi ya shilingi 1,200. Alikunywa nyingine hata hivyo.

Kahawa ina taratibu zake. Kabla yake unaletewa tende au halua. Kahawa yenyewe ni nyepesi, haina sukari, ina iliki, na inamiminwa kidogo kwenye kikombe kisicho na mkono. Ukimaliza unajaziwa, ukimaliza unajaziwa. Kusema "asante" hakuzuii. Ukitosheka, tikisa kikombe kidogo kushoto na kulia unapokirudisha. Mama alikunywa vikombe saba kabla ya kuambiwa. Wenye sukari tunawakumbusha kwamba tende tatu zinatosha kuonyesha heshima, na halua kijiko kimoja.

Kutembea

Muscat ni mji mrefu uliobanwa kati ya milima ya mawe na bahari, na si wa kutembea kwa miguu. Mabasi ya mji yapo, teksi zina rangi nyeupe na chungwa, na ni vizuri kukubaliana bei kabla kama hakuna mita. Jioni nenda Mutrah, bandari ya zamani, utembee kando ya bahari kisha uingie sokoni unuse ubani. Ubani bora unatoka Dhofar, kusini mwa nchi hiyo hiyo, kwenye miti inayochanjwa gome mpaka itoe utomvu. Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos unapokea hata wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Wanawake hufunika nywele, mikono na miguu, kwa hiyo kanga mbili na gauni refu zinatosha. Ndani kuna zulia moja lenye uzito wa tani 21, lililofumwa kwa mikono na wanawake 600 kwa miaka minne. Mama alilikanyaga kwa woga. Popote ulipo, usipige picha watu, hasa wanawake, bila kuomba.

Ila kama una siku moja tu ya kutoka nje ya mji, na wewe ni mkulima au mfugaji, tunasema nenda Nizwa, na nenda Ijumaa. Ni kama kilomita 150 kutoka Muscat, lami tupu. Muondoke gizani, kwa sababu mnada wa mifugo huanza mapema na saa tatu asubuhi umekwisha. Namna wanavyouza ni kinyume cha minada yetu. Mbuzi hawafungwi mahali wanunuzi wakawazunguka. Wanunuzi ndio wanaosimama na kukaa kwenye duara, na wauzaji wanazunguka mbele yao wakivuta mbuzi na kutaja bei kwa kelele. Unayetaka unamsimamisha, unamfungua mbuzi mdomo, unamgusa mgongo, unataja chako. Mama alikaa pale saa nzima na kwa makadirio yake mbuzi wao wana manyoya mengi nyama kidogo.

Juu ya soko kuna ngome ya karne ya 17, yenye matundu ya kumwagia maadui asali ya tende iliyochemshwa. Mama hapo alisikitikia asali.

Lakini kilichomfanya apige simu nyumbani usiku ule ni maji. Nizwa ni jangwa lenye mashamba ya mitende ya kijani, na maji yake yanakuja kwa mfereji unaoitwa falaji. Mingine inaanzia kwenye kisima mama chini ya mlima, maji yakapita chini ya ardhi kwa mteremko mdogo sana, bila pampu, mpaka yanatokea kijijini. Oman bado ina mifereji kama 3,000 inayofanya kazi, na mitano, mmoja wao Falaji Daris wa Nizwa, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Maji yakitokea, kwanza ni ya kunywa, ndipo yaende kwenye msikiti na kuoga, mwisho mashambani. Kila shamba lina zamu yake kwa muda, na zamani muda ulipimwa kwa kivuli cha kijiti mchana na kwa nyota usiku.

Wapare wanaosoma hapa wameshaelewa. Ndiva zetu zinajazwa usiku, zinafunguliwa asubuhi, zamu kwa zamu, na anayeiba zamu ya mwenzake anajulikana. Mama alimuuliza mzee mmoja kandokando ya mfereji, binti akitafsiri, mwizi wa maji hufanywa nini. Mzee akacheka sana, akasema jambo ambalo binti alikataa kulitafsiri.

Wanaokwenda kati ya mwisho wa Juni na Septemba wana sehemu yao: Salalah, kusini kabisa, kama kilomita 1,000 kutoka Muscat. Miezi hiyo pepo za baharini huleta ukungu na manyunyu, milima inakuwa kijani, na watu wa nchi za Ghuba humiminika kwa maelfu kuja kusimama kwenye manyunyu. Barabarani wanauza madafu, ndizi na mapapai. Kwa mtu wa Upare hiyo ni Jumanne ya kawaida, kwa hiyo hatukushauri utumie nauli ya mtoto kwenda kuona mvua.

Mama alirudi Februari na begi moja lililojaa tende, ubani na mbegu za limau alizozificha ndani ya soksi. Hapa tunamsema: mbegu na miche huvuki nazo mpaka bila kibali, zinaweza kuleta magonjwa ya mimea. Zilichukuliwa uwanjani. Halua ilipita. Kopo moja aliletea studio, tukalifungua kabla ya taarifa ya habari ya saa nne, na lilipofika kwa fundi mitambo lilikuwa tupu.